Paja la Kondoo Limeiva: Je, Mama Naye Amekula?

Jumapili ya Pasaka, miaka michache iliyopita, sisi akina mama wa kamati ya mapishi kanisani kwetu hapa Tabora tulioka mapaja manne ya kondoo. Tuliyapaka majani ya mnanaa, giligilani na kitunguu saumu. Harufu ikatoka jikoni ikavuka ukuta hadi barabarani, na watoto wakaacha mchezo wao wakaja kusimama mlangoni. Ilikuwa karamu ya kupendeza kweli. Masinia yalitoka moja baada ya jingine: la mchungaji na wazee wa kanisa, la wageni waliotoka Urambo na Sikonge, la akina baba, la vijana wa kwaya. Sisi wenyewe tulikula mwisho: wali, mchuzi, na mifupa ya kuguguna. Tulicheka tukasema ndiyo kawaida, mpishi hushiba harufu.

Miongoni mwetu alikuwepo mama mmoja kijana mwenye mimba ya miezi saba. Ndiye aliyetwanga viungo vyote kwenye kinu tangu alfajiri. Jumanne iliyofuata alikuja kliniki. Tulipomfunua kope la chini la jicho tuliliona limepauka. Damu yake ilipopimwa ilikuwa gramu 7.8 kwa desilita, na mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Tukamwuliza siku ya Pasaka alikula nini. Akajibu kwa aibu, "Si tulikuwa wote, dada? Nilikula kama mlivyokula ninyi."

Jibu hilo lilituchoma. Mikono iliyokata nyama ile na kuipanga katika masinia ilikuwa mikono yetu, tena mingine ni mikono ya wauguzi, ambao kila wiki huwahubiria wajawazito habari za chakula bora! Basi mama mpendwa, makala haya ni ya mapishi, lakini utatuvumilia tukizungumza pia juu ya kisu cha kugawia. Tunaona hivi sasa kwamba nyama ya kondoo hupikwa mara mbili: mara ya kwanza motoni, na mara ya pili pale inapogawanywa.

Damu na nyama

Upungufu wa damu si ugonjwa wa wachache. Utafiti wa taifa wa afya uliofanyika nchini mwaka 2015-16 uliwakuta na upungufu huo wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na watoto 58 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Sababu ni nyingi: malaria, minyoo ya safura, mimba zinazofuatana karibu karibu, na chakula chenye upungufu wa madini ya chuma. Mama mwenye damu kidogo huchoka upesi na kuhema akipanda kilima. Siku ya kujifungua, damu ambayo mwenzake angeipoteza bila shida kubwa, yeye yaweza kumtia hatarini. Sisi tulioshika zamu za usiku katika wodi ya wazazi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuitazame nyama yenyewe. Gramu 100 za mnofu wa paja la kondoo uliookwa na kuondolewa mafuta zina protini kama gramu 28, madini ya chuma kama miligramu 2, madini ya zinki kama miligramu 5, na vitamini B12 inayokaribia mahitaji ya mjamzito kwa siku nzima. Utasema, miligramu 2 za chuma ni kidogo, na mama mjamzito anahitaji zaidi ya 20 kwa siku. Ni kweli. Lakini chuma cha nyama si sawa na chuma cha mboga. Maharage nayo yana chuma cha kutosha ukikipima kwenye karatasi, ila mwili hukichukua kidogo tu, na kingine hutoka kama kilivyoingia. Cha nyama hupokewa kwa urahisi zaidi. Tena kipande cha nyama kikiliwa pamoja na maharage, mchicha au kisamvu, huusaidia mwili kukichukua na kile chuma cha mboga. Ndiyo maana kipande kidogo kwenye sahani ya mjamzito kina kazi kubwa kuliko ukubwa wake.

Hata hivyo tusidanganyane: nyama haichukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki, wala nafasi ya chandarua, wala dawa ya minyoo. Yule mama wa Pasaka alipewa vidonge na akafuatiliwa kila wiki. Na kuna jambo lingine ambalo wengi hushangaa tukiwaambia. Supu ya mifupa, ambayo mama hupewa kwa nia njema kabisa "imwongezee damu", ina chuma kidogo sana. Chuma kinabaki ndani ya mnofu. Kwa hiyo anayekunywa supu huku mwingine akila nyama, amepewa maji ya moto yenye chumvi na ladha nzuri, basi.

Chai nayo tuitaje hapa, maana sisi watu wa Tabora hatukai chini kula bila birika. Chai ya majani inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha mboga na maharage. Ngoja walau saa moja baada ya kula. Ndimu, chungwa au embe lililoiva hufanya kinyume chake, husaidia. Bahati yetu, miembe ipo.

Njia ya misafara

Miembe hiyo yenyewe ina historia yake. Mji wetu ulikuwa kituo kikubwa katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Burton na Speke waliondoka Unguja Juni 1857, wakafika Kazeh, hapa hapa Unyanyembe, Novemba mwaka huo huo. Livingstone alikaa Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, na lile tembe alilokaa yeye na Stanley ndilo watoto wetu wa shule hupelekwa kuliona. Wafanyabiashara Waarabu waliokaa Unyanyembe walikuwa na bustani za matunda na vitunguu, na viungo walivipata kutoka pwani. Waliobeba pembe za ndovu kushuka pwani walikuwa zaidi Wanyamwezi, na mzigo wa mmoja uliweza kuzidi kilo 30. Huo ulikuwa mwendo wa miezi kwa miguu, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Na katika njia ile ile, tusisahau, walipitishwa pia watu waliotiwa utumwani, wanawake na watoto wakiwamo.

Katika mji wa aina hiyo, mgeni alikuwa mtu wa kupewa kilicho bora, kwa kuwa amechoka na kesho anaendelea na safari. Sisi tunadhani kitu cha desturi hiyo kimebaki katika mikono yetu. Akija mgeni, kondoo anachinjwa, na mnofu unamfuata mgeni. Ni desturi nzuri, wala hatuandiki ili kuitupa. Ila wageni wa siku hizi wanakuja kwa basi na treni, na katika nyumba nyingi mwenye safari ngumu kuliko wote ni yule aliye jikoni na tumbo lake.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba kondoo wa Pasaka katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12, aliokwa motoni na kuliwa pamoja na mboga chungu. Hakuliwa mbichi wala hakutokoswa majini. Tumeisoma sura hiyo miaka mingi bila kuutazama mstari wa nne. Pale watu wa nyumbani wanahesabiwa mmoja mmoja kwa kadiri ya ulaji wao kabla ya kondoo kuchinjwa, na nyumba ikiwa ndogo inamshirikisha jirani. Watu wanahesabiwa kwanza! Sisi huwa tunahesabu masinia.

Kumchagua kondoo

Mwanakondoo halisi ni yule asiyetimiza mwaka. Ukiwa mnadani, mfungue mdomo: akiwa bado ana meno madogo ya utoto mbele, ni mchanga, akiwa ameota mawili makubwa ya kati, amepita mwaka. Nyama ya aliyekomaa si mbaya, ila itataka muda mrefu zaidi motoni. Buchani, angalia mafuta: yawe meupe na magumu, na mnofu uwe mwekundu wa kung'aa, usiwe wa kijani wala wa kunata.

Wapo wasemao, "Mimi kondoo ananinukia." Harufu hiyo inakaa hasa kwenye mafuta, na kondoo wetu wa mkia mnene wana mafuta ya kutosha. Yaondoe yale ya nje kwa kisu kikali, acha utando mwembamba tu, na malalamiko mengi yataisha. Utakuwa pia umemsaidia baba mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu.

Usikubali kamwe kibudu, hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa na hata muuzaji akiapa. Mnyama aliyekufa mwenyewe anaweza kuwa amekufa kwa kimeta, na kimeta huua watu. Nyama iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri. Ukichinja nyumbani, mwite bwana mifugo aitazame kabla haijakatwa. Sisi, kwa kuwa majirani zetu wengi ni Waislamu, humwomba mzee mmoja jirani atuchinjie, ili kila atakayekaribishwa ale bila wasiwasi.

Kupaka majani na kuoka

Kwa paja moja la kilo 2 pamoja na mfupa, tafuta kichwa kimoja cha kitunguu saumu, kipande cha tangawizi urefu wa kidole gumba, fungu la giligilani, fungu la mnanaa, majani machache ya mrehani ukiyapata, ndimu mbili, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, na mafuta ya alizeti vijiko vitatu vya chakula. Rozmari inapendeza sana na kondoo. Mwenye mche uani atie kijiti kimoja. Asiye nayo asihangaike, mnanaa unatosha.

Osha majani vizuri kwa maji safi, yakung'ute, kisha yatwange pamoja na kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga mpaka upate rojo nzito. Tia chumvi, mafuta na maji ya ndimu. Chumvi usiongeze. Majani yenyewe yana ladha ya kutosha, na hapo ndipo faida yake kubwa ilipo kwa wale walioambiwa wapunguze chumvi.

Toboa paja kwa ncha ya kisu mahali kama kumi, sukumia vipande vidogo vya kitunguu saumu katika matundu, kisha gawa rojo lako sehemu mbili. Hapa ndipo sisi tulipokosea mara ya kwanza: tulipaka majani yote mwanzoni, na baada ya saa moja yalikuwa masizi meusi yenye uchungu. Sasa tunapaka nusu mwanzo, na nusu tunaiweka pembeni kwenye bakuli safi ambalo halijagusa nyama mbichi.

Wenye friji waliache paja usiku kucha likiwa limefunikwa. Wasio na friji, na ndio wengi, wasilaze nyama nje katika joto letu la Tabora kwa kuamini kwamba ndimu inaua vijidudu. Haiwaui. Saa moja kivulini, ndani ya chombo kilichofunikwa, inatosha.

Mwenye oveni aiwashe nyuzi 180, aliweke paja kwenye trei pamoja na kikombe cha maji, alifunike kwa foili, na alioke kama saa mbili. Sisi wengine tunatumia jiko la mkaa na sufuria nzito. Weka vijiti viwili vitatu vya kuni safi chini ya sufuria ili paja lisigande, tia kikombe kimoja na nusu cha maji, funika kwa kifuniko bapa, kisha weka makaa machache chini na mengi zaidi juu ya kifuniko. Moto wa chini ukiwa mkali utaunguza mchuzi kabla nyama haijaiva. Geuza paja baada ya saa moja, ongeza maji yakikauka. Kwa moto wa namna hii itachukua saa mbili na nusu, na kwa kondoo aliyekomaa hata saa tatu.

Zikibaki dakika 30, funua, paka ile nusu ya pili ya majani kila upande ukiyagandamiza kwa mwiko, na rudisha makaa juu. Majani yatakauka na kushika kama ganda la kijani. Ukitaka utamu kidogo, changanya kijiko cha asali yetu ya miyombo na maji ya ndimu, upake dakika kumi za mwisho tu, maana asali huungua haraka. (Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa.)

Utajuaje limeiva? Choma kisu mpaka karibu na mfupa. Maji yanayotoka yawe meupe, yasiwe na wekundu. Katika hoteli za wageni tumesikia watu hupenda kondoo akiwa na rangi ya waridi katikati. Kwa mjamzito, hapana. Nyama isiyoiva vizuri inaweza kubeba kijidudu kiitwacho toksoplazma, ambacho kikimpata mara ya kwanza akiwa na mimba kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo, ubao na kisu cha nyama mbichi visiguse kachumbari kabla ya kuoshwa kwa maji ya moto na sabuni.

Ukilitoa, liache dakika 15 kabla ya kukata, ili maji yake yatulie ndani. Engua mafuta yanayoelea juu ya mchuzi. Wali wa Tabora unafaa, ugali wa mtama unafaa, na hata viazi vitamu. Ila pembeni kuwe na mchicha au kisamvu, na kachumbari iliyokamuliwa ndimu.

Kisu cha kugawia

Paja la kilo 2 likiondolewa mfupa na kupungua motoni hubaki kilo 1 na kidogo ya mnofu. Hizo ni sehemu kumi na mbili za gramu 90, kila moja kama ukubwa wa kiganja bila vidole. Ukiyajua hayo, unaweza kuhesabu watu kabla ya kukata.

Pasaka iliyofuata ile tuliyoisimulia, tulifanya hesabu. Tulikata nyama jikoni, na kabla sinia lolote halijatoka tulijaza sahani za wajawazito wanne, wanyonyeshao sita, na bibi mmoja aliyekatiwa vipande vidogo kwa sababu ya meno yake. Kwa watoto waliotimiza miezi sita na kuendelea tulichukua mnofu wa ndani, usio na viungo, tukautwanga laini na kuuchanganya na mchuzi usiotiwa pilipili. Ndipo tukaanza masinia.

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye kwetu ni kama baba, alikuja mlangoni kuuliza kulikoni chakula kinachelewa. Akaziona sahani. "Binti zangu," akasema, "tangu lini jikoni kunakula kabla ya wageni?"

Tukamjibu kwa heshima, "Shikamoo baba. Tangu leo. Hawa damu yao imepungua, tumeipima wenyewe."

Alisimama kidogo akimtazama mmoja wa wale wajawazito, ambaye kumbe ni mkamwana wake. Hakusema neno. Alirudi ukumbini, na baadaye tulisikia amewaambia wenzake wasubiri, kazi ya jikoni bado haijakamilika. Hakuna sinia lililotoka tupu siku hiyo. Vipande vilikuwa vidogo kidogo kuliko mwaka uliotangulia, na mchuzi ulikuwa mwingi.

Yule mama kijana wa mwaka uliotangulia alikuwepo pia, mtoto wake wa miezi kumi na moja mgongoni. Alijifungua salama, damu yake ikiwa imepanda kufikia 10.4. Safari hii hakutwanga viungo. Tulimpa kazi ya kisu.

Mifupa tuliichemsha Jumatatu, ikiwa imehifadhiwa kwenye friji ya mama mchungaji, na tuliitokosa hasa, haikupashwa tu. Supu ilikuwa nzuri mno, ya tangawizi na ndimu. Tuliwapelekea wazee wa kanisa waliokuwa na kikao asubuhi hiyo, wakainywa yote, na mmoja akatuma mtoto kuuliza kama imebaki.